Kabla ya Kukata Tikiti, Uliza Shule

Somo la toleo hili tumelipata kwa kikundi kimoja cha akina mama tulichokitembelea. Siku hiyo tulikuwa tumeenda kuzungumza juu ya mizinga ya nyuki, lakini nyuki wenyewe hatukuwafikia. Mwanachama mmoja, muuguzi, alikuwa amepata kazi katika hospitali moja huko Uingereza. Alikuja kuomba mkopo wa tikiti, yake na ya mume na ya watoto watatu. Vigelegele vikapigwa. Kisha mweka hazina, mama mtu mzima, akauliza: "Haya, na watoto watasoma wapi?"

Muuguzi akajibu, "Si huko shule ni nzuri tu, mama."

Mweka hazina akasema, "Hata hapa ziko nzuri. Nimekuuliza wapi."

Pakawa kimya. Kweli hakuna aliyekuwa amefikiria. Watoto wenyewe ni mvulana wa miaka 6, msichana wa miaka 10, na dada yao mkubwa wa miaka 15 aliye gredi ya 10. Safari ilikuwa imepangwa mwezi wa Agosti. Basi tukaweka nyuki kando, tukakaa chini na kulifanya jambo hili kuwa somo. Tangu Kenya na Uingereza zilipotia sahihi makubaliano ya wafanyakazi wa afya mwaka 2021, nyumba nyingi zimeanza kuuliza maswali kama haya. Hebu tuyapitie moja baada ya jingine.

1. Je, watoto wanaruhusiwa kwenda?

Usianze na shule kabla ya kujua mlango uko wazi. Huko Uingereza muuguzi anaweza kuenda na mume au mke na watoto. Lakini wahudumu wanaotunza wazee na wagonjwa majumbani walikatazwa kuleta familia tangu tarehe 11 Machi 2024, na tangu tarehe 22 Julai 2025 kazi hiyo haichukui tena watu wapya kutoka nje. Kwa hivyo mtu akikuambia leo, "Lipa, nikupeleke kutunza wazee, watoto watafuata," mfunge mlango.

Tena, kwa kawaida mtoto hupewa viza wazazi wote wawili wakiwa wanaenda au wako huko tayari. Mzazi anayeenda peke yake na watoto, na mwenzake amebaki nyumbani, lazima aonyeshe kwamba yeye ndiye mlezi pekee, au kwamba kuna sababu nzito. Na mtoto awe hajafika miaka 18 siku ya kuomba viza. Hilo la miaka 18 likumbukeni, tutalirudia.

2. Shule ya serikali au ya kulipia?

Hapa jina linadanganya. Sisi tukisema "public school" tuna maana ya shule ya serikali. Kule Uingereza jina hilo ni la shule za kulipia, zile za zamani za matajiri. Shule ya serikali wao huiita "state school". Hiyo haina karo, na mtoto wa muuguzi mgeni huingia kama mtoto mwingine yeyote. Mzazi hununua sare na vitu vidogo vidogo. Watoto wa madarasa matatu ya kwanza hupewa chakula cha mchana bure. Shule za kulipia nazo zimepanda zaidi, kwa maana tangu Januari 2025 karo yake hutozwa kodi ya asilimia 20.

Kwa hivyo, mtu akitaka pesa ili "akushikie nafasi" katika shule ya serikali ya Uingereza, huyo ni mwizi. Nafasi hiyo haiuzwi.

Lakini msichukue hesabu ya Uingereza mkaipeleka Dubai. Kule watoto wa wageni wengi husoma shule za kulipia. Anayepewa kazi huko na aulize kabla ya kuweka sahihi: mkataba unalipa karo? Ya watoto wangapi? Isipoandikwa, hesabu kwamba utalipa mwenyewe, uone mshahara unabaki ngapi.

3. Nyumba ndiyo inayochagua shule

Watu wengi hupanga nyumba ya bei rahisi kwanza, halafu ndipo watafute shule. Uingereza hapo ndipo wanapokwama. Nafasi huombwa kupitia kaunsili ya mtaa au shule yenyewe, na shule nyingi zikiwa na waombaji wengi huwapa nafasi kwanza wanaokaa karibu. Madarasa ya watoto wadogo, mpaka miaka 7, hayatakiwi kuzidi watoto 30 kwa mwalimu mmoja. Kwa hivyo shule mbele ya mlango wako inaweza kuwa imejaa. Kaunsili itakutafutia nyingine, lakini huenda ikawa mbali, na ndugu wawili wakatenganishwa. Hebu fikiria mama aliyetoka zamu ya usiku, akipanda basi mbili asubuhi kupeleka watoto shule mbili.

Fanya hivi: kabla ya kupanga nyumba, andikia kaunsili baruapepe, uliza ni shule zipi zina nafasi katika madarasa ya watoto wako. Halafu soma ripoti za wakaguzi wa Ofsted, ni bure. Siku hizi hawatoi tena neno moja la kuisifu au kuilaumu shule nzima. Waliacha Septemba 2024. Kwa hivyo soma ripoti yenyewe, uone wanasema nini juu ya nidhamu na juu ya watoto wageni.

Jambo lingine dogo: ziko shule za serikali zilizo chini ya makanisa. Baadhi yake huwapa nafasi kwanza watoto wa waumini, na huomba cheti cha ubatizo au barua ya padre au mchungaji. Ombeni barua hiyo mapema, msimkimbilie mchungaji siku ya safari.

4. Wanaangalia umri, si gredi

Huku mwaka wa shule huanza Januari, kule huanza Septemba. Mtoto huwekwa darasa kufuatana na umri aliofikisha tarehe 31 Agosti, hata awe alikuwa namba ngapi huku. Yule wa miaka 6 ataingia Mwaka wa 2. Wa miaka 10 ataingia Mwaka wa 6, ambao ndio wa mwisho wa msingi. Sasa angalieni: mwisho wa kuomba sekondari ni tarehe 31 Oktoba. Familia inayofika Agosti ina miezi miwili tu. Ikilala, shule zinazopendwa zitakuwa zimejaa.

5. Mtoto mkubwa ndiye mgumu

Hapa kikundi kilichukua muda mrefu. Mtihani wa GCSE hufanywa mwisho wa Mwaka wa 11, mtoto akiwa na miaka 15 au 16, na kwa kawaida masomo yake huchukua miaka miwili. Huyu msichana akifika Agosti ataingizwa Mwaka wa 11. Wenzake wamekwisha kusoma nusu, na yeye hata vitabu hajaviona.

Nyanya yake akasema, "Basi abaki na mimi amalize gredi ya 12, ndipo awafuate." Wengi wakaitikia. Lakini tulipohesabu kwa vidole, msichana atamaliza akiwa na miaka 17 na miezi michache kabla ya 18. Viza ikichelewa kidogo tu, mlango umefungwa, na familia imegawanyika.

Ndipo mweka hazina akauliza tena: "Mwenyewe anasemaje?" Ikawa hajaulizwa. Aliitwa, akasimama mlangoni, akasema: "Nikienda nitakuwa nyuma. Nikibaki huenda nisiwafuate. Afadhali kuwa nyuma."

Hatukumpigia makofi, maana ni neno zito kwa mtoto. Lakini lilisaidia. Wazazi waliamua aende, na shule yake ndiyo itafutwe kwanza, kabla ya nyumba na kabla ya shule za wadogo. Waandikie shule kadhaa wakiuliza: mna nafasi Mwaka wa 11? Mnaweza kumpa masomo machache, Kiingereza na hesabu yakiwa mbele? Mwalimu mkuu anaweza kukubali arudie Mwaka wa 10? Kurudia si kawaida kule, lakini kuuliza hakulipishwi. Na akikosa Kiingereza au hesabu, ataendelea kuyasoma chuoni baada ya miaka 16. Mlango huo upo.

6. Karatasi za kubeba

Vyeti vya kuzaliwa, pasipoti, kadi za chanjo, ripoti za shule za miaka miwili, barua ya mwalimu mkuu ikieleza masomo aliyosoma mtoto. Toa nakala mbili za kila moja, umwachie mtu mmoja unayemwamini. Angalia jina la mtoto liandikwe sawasawa kila mahali. "Wanjiku" kwa cheti na "Wanjiko" kwa pasipoti ni shida ya bure.

Neno la mwisho

Kikundi kilitoa mkopo, lakini hakikuutoa siku hiyo. Kilisema utatolewa siku majibu ya shule tatu yatakapoletwa na kusomwa mbele ya wanachama. Muuguzi alinuna kidogo, halafu akacheka. Sisi tuliona ni sharti la hekima. Tikiti hukatwa kwa siku moja, lakini darasa alilolikosa mtoto halirudi.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Kikundi chenu kikiombwa mkopo wa safari, huuliza nini juu ya watoto?
2. Mtoto wa miaka 15 asikilizwe kiasi gani katika uamuzi kama huu?
3. Watoto wanaobaki na nyanya, ni nani anayelipa karo yao na kuenda mikutano ya shule?
4. Kati yenu kuna mtu aliyelipa wakala kwa kitu ambacho ni cha bure? Mlijifunza nini?