Dawa ya Mlima na Pumzi ya Selule

Wanafunzi wenzetu, tunajua ya kuwa selule inaishi kwa oksijeni. Ikikosa, mitokondria zake zinatoa sumu yenye kuharibu selule yenyewe.

Kule Tibet watu wanatumia mizizi ya Rhodiola kwa ugonjwa wa milima mirefu. Ndani yake muko salidrosidi, ni kusema tirosoli iliyoungana na glukozi. Katika laboratwari ilipunguza ile sumu, selule zikapona.

Lakini selule ndani ya chupa siyo mtu. Utafiti wa Taiwan wa mwaka 2013 uliwapa wapanda-mlima mara moja Rhodiola, mara nyingine vidonge visivyo na dawa, bila kuwaambia. Ugonjwa haukupungua.

Basi mtoto akipumua kwa shida, tusimungojeshe na majani. Tumupeleke hospitali upesi!