SOMO LA KUMI NA MBILI: KUTOKA KIGOMA MPAKA DAR ES SALAAM KWA NDEGE

Mkulima mmoja wa Makere alipata habari. Binti yake alikuwa mgonjwa Dar es Salaam. Angepasuliwa tumbo siku ya Ijumaa. Mkulima aliuza maharage yake, akakata tiketi ya ndege ya Alhamisi. Alisema, "Kwa ndege nitamwahi mwanangu."

Je, alihesabu vizuri? Tuone.

Umbali

Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Urefu wake ni kilomita 1,254. Reli hupinda. Hupita Tabora, Dodoma na Morogoro. Ndege haifuati reli. Hukata moja kwa moja angani. Njia yake ni kilomita 1,080 hivi.

Muda

Ukitaka kujua muda wa safari, gawanya umbali kwa mwendo.

Tuseme treni inakwenda kilomita 33 kwa saa:
1,254 ÷ 33 = 38. Safari ni ya saa 38.

Tuseme ndege inakwenda kilomita 540 kwa saa:
1,080 ÷ 540 = 2. Safari ni ya saa 2.

Hapo mkulima hakukosea. Ndege ni ya haraka.

Saa ya tiketi

Tiketi yake iliandikwa 08:00. Mkulima alisoma, "Saa nane." Alifika kiwanjani saa sita mchana, akakaa kungoja. Kumbe ndege iliondoka saa mbili asubuhi!

Saa ya tiketi huanza kuhesabiwa katikati ya usiku. Saa yetu ya mchana huanza kuhesabiwa asubuhi, jua linapochomoza. Tofauti ni saa 6. Kwa hiyo, kuanzia 07:00 mpaka 18:00, toa 6:

08:00 ni 8 − 6 = 2. Ni saa mbili asubuhi.
14:00 ni 14 − 6 = 8. Ni saa nane mchana.

Mkulima alipanda basi. Alifika Dar es Salaam Jumamosi. Binti yake alikuwa ameshapasuliwa, naye alikuwa anaendelea vizuri. Alimwambia, "Baba, nilikutazamia mpaka waliponiingiza ndani." Mzee hakuwa na la kujibu.

Safari huanza nyumbani

Ndege huruka kwa muda mfupi, lakini safari yako ni ndefu zaidi. Kutoka Makere utapita Kasulu, ndipo ufike Kigoma. Tena, ufike kiwanjani muda wa saa mbili kabla ya ndege kuondoka. Kama ndege ni ya asubuhi, nenda Kigoma siku moja kabla, ulale huko.

Maswali

1. Tiketi imeandikwa 10:00. Kwa saa yetu ni saa ngapi?
2. Msafiri huyo afike kiwanjani saa ngapi?
3. Kutoka kijijini kwenu mpaka Kigoma ni mwendo wa saa ngapi? Ongeza muda wa kungoja na muda wa ndege. Jumla ni saa ngapi?
4. Mkulima angemwuliza nani kabla ya kuondoka nyumbani? Jadilianeni darasani.