Mwalimu Mkuu Naye Anahitaji Wenzake: Faida za Chama cha Wakuu wa Shule

Mlezi wa chama alipotugawia mada za mwaka huu, wenzangu walipata methali, mashairi, na mmoja kwa bahati yake akaangukiwa na soka. Mimi nikapewa vyama vya kitaaluma! Nilinung'unika kidogo. Lakini kadiri nilivyouliza huku na huku ndivyo nilivyoona kwamba jambo hili linatuhusu sisi tunaolala bwenini, pengine kuliko linavyowahusu hao wakuu wenyewe.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Chama ni neno lenye kazi nyingi: kuna chama cha siasa, kuna chama cha kina mama cha kuchangiana pesa kila mwezi, na kuna hiki chetu cha Kiswahili. Neno taaluma nalo ni ndugu wa elimu na mwalimu. Yote matatu yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu unaohusu kujua. Basi chama cha kitaaluma ni cha watu wa kazi moja wanaokutana ili waijue kazi yao vizuri zaidi. Hapo ndipo wengi wetu huchanganya mambo. KNUT kilichoanzishwa mwaka wa 1957, na KUPPET cha mwaka wa 1998, ni vyama vya wafanyakazi. Kazi yao kubwa ni kumkabili mwajiri, yaani Tume ya Kuwaajiri Walimu (TSC), kuhusu mishahara na marupurupu. Wakuu wa shule za upili wana chama chao kingine, KESSHA, ambacho hakimwiti mtu kugoma. Wenzao wa shule za msingi wana KEPSHA.

Mtu atauliza, kwani mwalimu mkuu si mwalimu? Mbona asitosheke na chama cha walimu wote? Jibu lilionekana peupe Septemba 2015, walimu walipogoma kwa takriban wiki tano. Walimu walikuwa barabarani wakiimba. Mwalimu mkuu je? Yeye ni wakala wa TSC shuleni mwake. Ndiye anayeulizwa nani alifika kazini na nani hakufika. Akiingia barabarani, amemwacha mwajiri. Akibaki ofisini na daftari lake, wenzake wa chumba cha walimu wanamtazama kwa jicho la pembeni. Katika shule nzima hana mtu wa cheo chake wa kumwuliza, "Wewe ungefanyaje?" Naibu anaweza kuwa rafiki wa dhati, lakini wakati mwingine naye analitamani kile kiti. (Manaibu mniwie radhi.)

Haya nayajua kwa karibu kwa sababu mamangu ni mwalimu mkuu wa shule ndogo ya kutwa. Alipopata barua ya uhamisho, alipewa asubuhi moja tu ya kukabidhiwa shule: funguo, vitabu vya benki, stoo, kila kitu. Mkuu aliyekuwa akiondoka alikuwa na haraka. Lori la vyombo vyake lilikuwa limekwisha kuwashwa. Mama akasema anakwenda msalani, kumbe anakwenda kumpigia simu mzee mmoja mstaafu aliyekutana naye katika mkutano wa tawi la chama. Mzee akamwambia, "Mwalimu, usitie sahihi. Hesabu magunia, hesabu vitabu, mwite kila anayeidai shule alete karatasi yake, kisha uandike tofauti zote juu ya sahihi yako." Kazi hiyo ilichukua siku tatu. Likafichuka deni la mahindi na kuni la zaidi ya mwaka mzima, ambalo halikuwa katika kitabu chochote. Lau angetia sahihi siku ile, leo deni lingekuwa lake.

Sasa, msije mkasema kwamba serikali haiwafunzi wakuu. Kuna taasisi ya kuwafunza uongozi wa shule, iliyoitwa KESI na baadaye KEMI, na huko watu husomeshwa bajeti, hesabu na sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka wa 2015. Ni mafunzo mazuri. Ila darasani hakuna anayekwambia ufanye nini wakati lori linanguruma nje.

Lakini faida iliyonifanya nikae macho ni ile ya mabweni. Mwezi wa Machi 1998 wasichana 26 walikufa kwa moto bwenini katika shule ya Bombolulu, Kwale. Machi 2001 wavulana 67 walikufa Kyanguli, Machakos. Madirisha yalikuwa na vyuma. Mwaka wa 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama shuleni: madirisha ya bweni yasiwe na vyuma, milango ifunguke kwa nje, kuwe na mlango wa dharura, na kati ya kitanda na kitanda ibaki nafasi ya mita 1.2. Hebu nyanyukeni leo jioni mpime nafasi iliyoko kati ya kitanda chako na cha jirani yako! Mwongozo ulikuwapo, na bado mwaka wa 2017 wasichana 10 walikufa katika shule ya Moi Girls jijini Nairobi, na Septemba 2024 wavulana 21 wakafa Hillside Endarasha, Nyeri.

Kwa hivyo karatasi peke yake haitoshi. Mkuu huusoma mwongozo akiwa peke yake ofisini, na maswali humjia palepale. Vile vyuma vilitiwa kwa sababu ya wezi. Vikiondolewa, magodoro yataibwa? Wavulana wataruka usiku waende sokoni? Fundi atalipwa kutoka fungu gani? Anayeweza kumjibu ni mkuu mwenziwe aliyekwisha kuving'oa vyuma vyake na kuona yaliyofuata: kwamba afadhali pesa zitiwe katika ua na bawabu wa pili, na kwamba wavulana wanaotaka kwenda sokoni walikuwa wakienda hata vyuma vikiwapo.

Mama hunieleza kwamba mikutano ya tawi lao huzunguka, leo shule hii, kesho ile, na kabla ya chai mwenyeji huwatembeza wageni. Safari moja walipitishwa katika bweni zuri kabisa, limepakwa rangi mpya. Katikati kulikuwa na mlango wa dharura, umefungwa kwa mnyororo na kufuli. Mgeni mmoja akauliza, bila ukali, ufunguo uko wapi. Matroni akasema uko kwa bawabu. Bawabu akasema uko kwa matroni. Kufuli ilikatwa kabla ya chai. Mkaguzi angeandika ripoti, na ripoti ingesafiri; lakini mbele ya wenzako ishirini wanaoijua kazi, aibu inafanya kazi siku iyo hiyo.

Vivyo hivyo kuhusu fujo. Mwaka wa 2008 mamia ya shule zilikumbwa na migomo ya wanafunzi katika muhula mmoja, na sote tunajua jinsi uvumi unavyoruka: shule jirani wamekwenda nyumbani, mbona sisi bado tuko? Mkuu anayepigiwa simu jioni na jirani yake huwahi kuketi na viranja na kusikiliza lalama kuhusu chakula kabla ya mawe kurushwa. Asiyepigiwa husikia kioo kikivunjika. Na tangu fimbo ipigwe marufuku mwaka wa 2001, wakuu wengi wamejifunza kwa wenzao, si kwa waraka, jinsi ya kuitisha adabu bila kiboko.

Kuna suala la pesa pia, nalo nitalipitia mbio. Serikali ilipoanza kugharamia masomo ya upili mwaka wa 2008 ilitoa shilingi 10,265 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Mwaka wa 2018 kiasi hicho kikapandishwa hadi 22,244. Pesa hizi zimezoea kuchelewa. Mkuu mmoja akilalamika hadharani ataonekana mkaidi. Chama kikilalamika, waziri hana budi kujibu.

Sitaki mdhani kwamba yote ni asali. Mkutano mkuu wa KESSHA wa kila mwaka umezoeleka kufanyiwa Mombasa, na maneno ya watu hayaishi: ati wanakwenda kuogelea kwa karo yetu. Nilimuuliza mkuu wetu swali hilo bila kupindapinda. Alicheka, akasema kwamba hotuba za mchana nyingi unaweza kuzisoma gazetini, lakini jioni, wakuu wa Turkana na wa Kisii wakiketi meza moja, ndipo hasa mkutano unapoanza. Namwamini. Hata hivyo lalamiko langu liko palepale, tena ni zito zaidi ya kuogelea. Nauli, hoteli na ada ya mkutano ni mzigo mwepesi kwa shule ya kitaifa yenye wanafunzi 1,500. Kwa shule ya kutwa yenye wanafunzi 150 ni gunia kadhaa za mahindi. Mama hajakwenda miaka miwili mfululizo. Maana yake ni kwamba anayeuhitaji ushauri zaidi, yule mgeni kazini mwenye shule isiyo na kitu, ndiye anayebaki nyumbani.

Jambo jingine ni kwamba wenzako wanaweza kukuficha badala ya kukurekebisha. Watu wa kazi moja hupenda kuteteana. Mkuu aliyekula pesa za shule akitetewa na chama chake, basi hicho si cha kitaaluma tena, ni cha kukingana mvua. Chama ninachokisifu hapa ni kile cha kufuli iliyokatwa kabla ya chai.

Ndiyo maana nilimpa mkuu wetu pendekezo moja. Kila tawi liwe na orodha ya wakuu wazoefu, hata wastaafu, na kila mkuu mpya apewe mmoja wao wa kumpigia simu kwa mihula yake miwili ya kwanza, saa yoyote, bila kulipa ada wala kusafiri. Yule mzee wa Mama aliifanya kazi hiyo bila kutumwa na mtu. Mkuu aliliandika katika shajara yake, akaniambia kwamba mkutano wa tawi uko wiki ya tatu ya muhula ujao, na kwamba hoja hupelekwa kwa katibu siku saba kabla, kwa maandishi. Nimekwisha kumwandikia.