Homa ya Mafua Nyumbani: Tumlinde Mtoto na Bibi

Homa ya mafua si mafua ya kawaida. Mafua ya kawaida huanza polepole, kwa kamasi na koo kuwasha. Homa ya mafua humwangusha mtu ghafla: mwili unachemka, kichwa na viungo vinauma, kikohozi kikavu, nguvu zimekwisha. Mwenye afya njema hupona kwa wiki moja hivi. Lakini kwa mtoto mdogo, mjamzito, mzee, au mwenye pumu, kisukari, ugonjwa wa moyo au VVU, huweza kuzaa nimonia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa homa ya mafua huua watu 290,000 hadi 650,000 kila mwaka.

Kinachoponza kaya nyingi ni kwamba mgonjwa huanza kuambukiza yapata siku moja kabla hajajisikia vibaya, kisha huendelea kwa siku 5 hadi 7, na watoto hukawia zaidi. Kwa hiyo usingoje mtu augue. Kohoa au piga chafya kwenye kiwiko, si kiganjani, maana kiganja hicho ndicho kitakachoshika kikombe cha maji na shavu la mtoto. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20. Kama hakuna bomba, kibuyu chirizi kinatosha. Beseni moja la kunawia familia nzima kabla ya kula tuliache kabisa: wa mwisho hunawa uchafu wa wenzake.

Tunajua wengi hulala chumba kimoja. Mlaze mgonjwa karibu na dirisha, liwe wazi, na kichwa chake kielekee miguuni mwa wenzake. Kikombe na kijiko viwe vyake peke yake. Mama anayenyonyesha akiugua asimwachishe mtoto ziwa. Avae barakoa, anawe mikono, amnyonyeshe, kwani maziwa yake yana kinga.

Antibiotiki haziui virusi vya homa ya mafua, hivyo usizinunue dukani kwa kubahatisha. Mgonjwa apumzike na anywe maji mengi. Mtoto asipewe aspirini kamwe, kwani huweza kudhuru ini na ubongo wake. Ulizia chanjo ya homa ya mafua katika kituo cha afya. Mtu huchanjwa kila mwaka, na mjamzito akichanjwa humkinga pia kichanga, ambaye hawezi kuchanjwa kabla ya miezi 6.

Mtoto akipumua haraka, mbavu zikibonyea ndani, midomo ikigeuka bluu, akikataa kunyonya au akipata degedege, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.