SOMO LA UFUNDI: NANI ANASHIKA MWENDO WA INJINI?

Ndugu msomaji, leo tujifunze juu ya chombo kidogo kinacholinda watu na mali. Mafundi wanakiita gavana. Kazi yake ni kushika mwendo wa injini, usizidi wala usipungue.

Tazama mashine ya kusaga ya dizeli, kama zile tulizozizoea huku Musoma, Bunda na Butiama. Ukimimina debe la mahindi au udaga, kazi inakuwa nzito na injini inataka kulegea. Mara inanguruma, inaendelea kama kwanza. Hakuna mtu aliyegusa kitu. Nani kaongeza mafuta? Ni gavana.

Inafanyaje kazi? Fikiri kombeo la mchungaji. Ukilizungusha kwa kasi, jiwe linavuta kwenda nje. Ndani ya gavana mna vyuma viwili vizito vinavyozungushwa na injini. Injini ikienda kasi mno, vyuma vinatanuka na dizeli inapunguzwa. Injini ikilegea, springi inavirudisha ndani na dizeli inaongezeka.

Chombo hiki ni cha zamani. Huko Ulaya kilitumika kwanza kwenye vinu vya kusaga unga. Mwaka 1788 James Watt akakitia kwenye injini ya mvuke kule Uingereza.

Hata helikopta inahitaji kazi hiyo hiyo. Rubani akitaka kupanda juu, hugeuza kidogo yale mapanga marefu yanayozunguka, ili yakate hewa zaidi. Basi mzigo unakuwa mkubwa. Gavana huongeza mafuta ili mapanga yabaki katika mwendo wake. Yakilegea mno, helikopta haina cha kuishikilia angani, itaanguka. Siku hizi, katika helikopta nyingi, kazi hii inafanywa na kompyuta.

Sasa sikilizeni. Wako watu wanaofunga gavana kwa waya ili wasage haraka. Hiyo ni hatari! Mkanda ukikatika, injini haina mzigo tena, na hakuna wa kupunguza mafuta. Itazidi kwenda kasi, na gurudumu lake zito laweza kupasuka. Vipande vyake vinaweza kuua akina mama na watoto walio kwenye foleni. Ukiona mwendo unapandapanda na kushuka, zima injini, mwite fundi.

Maswali ya kujadili:
1. Gavana inafanana vipi na kombeo?
2. Kwa nini mkanda ukikatika injini huenda kasi?
3. Nani anaikagua mashine ya kijiji chenu?