Miguu Myepesi: Baiskeli kwa Wazee wa Masasi na Newala

Mzee akishuka kwenye baiskeli huku ameshika goti, mara nyingi chanzo ni mkanyago mzito: miguu inazunguka polepole, nguvu nyingi, siti iko chini. Huku kwetu anasifiwa anayepanda kilima bila kushuka. Kwa aliyevuka miaka 60, sifa hiyo hulipwa kwa magoti. Miguu ikizunguka upesi na kwa wepesi, goti hubeba mzigo mdogo kila mzunguko, na moyo na mapafu ndiyo yanayopata mazoezi.

Anza na siti. Mjukuu aishike baiskeli, wewe ukae, uweke kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila kiuno kulala upande. Kisha kanyagia sehemu pana ya wayo, nyuma ya vidole: goti litapinda kidogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Siti ikiwa chini mno, goti huuma mbele. Ikiwa juu mno, huvuta nyuma. Wengi huishusha ili miguu iguse ardhi, kwa kuogopa kuanguka. Hofu hiyo ni ya haki. Basi ipandisheni kidogo kidogo, juma hadi juma, huku mzee akijizoeza kutoka kwenye siti kabla ya kusimama.

Sasa hesabu. Njia ikiwa tambarare, mwenzako atazame saa, wewe uhesabu goti la kulia linapanda mara ngapi kwa sekunde 15, uzidishe kwa 4. Ukipata 40, unakanyaga kizito. Lenga 60, ukishazoea, 70.

Baiskeli zetu nyingi, Phoenix na wenzake, hazina gia za kubadilisha. Kama mbele kuna meno 48 na nyuma 18, mzunguko mmoja wa pedali hugeuza gurudumu mara 2 na theluthi 2. Mwombe fundi afunge nyuma meno 22: gurudumu litageuka mara 2 na kidogo tu, na miguu itapata nafuu kubwa. Kwa mzee, fedha ya kazi hiyo ina faida kuliko ya kengele na mapambo.

Kilima cha kutoka Masasi kupanda Newala, shuka usukume. Kwenye mchanga wa njia za mikorosho, vilevile. Dumu la lita 20 ni kilo 20 juu ya keria. Maji waachieni vijana. Bibi, kanga ifungwe juu, mbali na cheni.

Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku 5. Asubuhi za baridi Newala, dakika 10 za mwanzo ziwe za polepole. Uweze kuzungumza njiani. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza.

Kifua kikibana, jasho baridi likitoka, au kizunguzungu kikija, simama hapo hapo. Nanyi wa nyumbani, msisubiri mzee apumzike kwanza: mpelekeni hospitali, Mkomaindo kwa walio Masasi, ya wilaya kwa walio Newala, hata kama maumivu yameshapoa.