Samaki Wawili wa Mwamba

1. Meli iliyogeuka nyumba ya samaki

Kusini ya Marekani kuna bahari iitwayo Ghuba ya Meksiko. Mahali pengi chini ya bahari ile ni mchanga mtupu. Lakini kuna samaki wasiopenda mchanga mtupu, kwa maana hawapati pa kujificha wala chakula cha kutosha. Hao ndio samaki wa mwamba. Wao hutafuta mawe, mapango, na hata vyuma vya meli zilizozama.

Tarehe 17 Mei 2006 watu walifanya kazi ya ajabu huko. Walichukua manowari kuukuu iliyokuwa ikibeba ndege za vita, jina lake Oriskany. Urefu wake ulikuwa karibu meta 270. Waliivuta mpaka mahali palipo mbali na mji wa Pensacola, wakaitoboa kwa baruti. Baada ya dakika 37 ikazama yote. Ikasimama juu ya mchanga, kama meta 65 chini ya maji.

Kwa nini waliizamisha? Walitaka iwe mwamba. Na kweli ikawa. Viumbe vidogo vya bahari vikajishika kwenye chuma. Samaki wadogo wakaja kula viumbe vile. Kisha samaki wakubwa wakaja kula samaki wadogo.

2. Kolekole na chewa

Kati ya samaki wakubwa wa mahali kama hapo, wawili wajulikana sana.

Wa kwanza ni wa jamaa ya samaki ambao watu wa pwani ya Afrika Mashariki huwaita kolekole. Mwili wake ni mrefu na mnene, mkia wake ni kama panda. Ana mstari mweusi unaopita jichoni, na mara nyingi mstari wa manjano ubavuni. Mkubwa aweza kupita kilo 60. Yeye haingii pangoni. Huzunguka juu ya mwamba pamoja na wenzake, akiwinda samaki na ngisi.

Wa pili ni chewa. Kinywa chake ni kipana, mwili wake una madoa. Yeye hukaa karibu na shimo lake, akingoja chakula kipite.

3. Vita vya mvuvi

Fikirieni mashua moja imesimama juu ya mwamba. Ndani yake wamo baba na mwanawe. Mtoto ameshika ufito mfupi wenye nguvu. Uzi wake ni mnene, na kwenye ndoana pana samaki mdogo aliye hai. Ndoana yenyewe imepindwa kama duara, ili imshike samaki pembeni ya kinywa, isiingie tumboni.

Ghafula ufito unapindika mpaka ncha yake inagusa maji.

“Vuta, mwanangu!” baba anapaza sauti. “Usimpe nafasi!”

Kwa nini aharakishe? Kwa sababu samaki wa mwamba akishikwa hukimbilia chini. Uzi ukisugua chuma au jiwe, mara moja hukatika. Dakika ile ya kwanza ndiyo yenye kuamua.

Kolekole anavuta. Anapandishwa meta kumi, anashuka tena meta nane. Mikono ya mtoto inatetemeka. Ndiyo sababu wavuvi wa huko wamempa kolekole jina la mzaha: punda wa mwamba. Hata akifika karibu na mashua, bado anapigana kama alivyoanza.

Kisha baba anavua chewa. Huyu naye anavuta kwa nguvu mwanzoni, lakini akiisha kupanda anachoka. Anafika juu amevimba. Macho yamemtoka, na tumbo lake limesukumwa nje kwa kinywa.

“Baba, mbona huyu amekuwa hivi, na yule sivyo?”

4. Hewa iliyo ndani ya samaki

Samaki wengi wana kifuko cha hewa ndani ya mwili. Kifuko hicho huwasaidia wasizame na wasielee.

Maji ya chini hukandamiza kila kitu. Kwenye meta 40, nguvu ya kukandamiza ni mara tano kuliko juu ya maji. Hewa iliyomo kifukoni imebanwa kwa nguvu hiyo. Samaki akivutwa juu upesi, hewa hiyo hutanuka. Mpira laini uliojazwa lita moja ya hewa kule chini ungetaka kuwa lita tano huku juu!

Kifuko cha chewa hakina mlango. Hewa hutanuka, haipati pa kutokea, mwishowe hupasua kifuko na kusukuma tumbo. Lakini kolekole ana mfereji mwembamba kutoka kifukoni mpaka chini ya kifuniko cha matamvua. Hewa ikizidi, hutoka yenyewe kwa mapovu. Wataalamu wa Australia waliueleza mfereji huo katika mwaka 2016. Basi ndiyo maana kolekole hufika juu angali na nguvu zake.

5. Kurudisha si kutupa

Baba anapima kolekole toka pua mpaka panda ya mkia. Sentimita 80. Katika mwaka 2016 kipimo kwa wavuvi wa kujifurahisha kiliongezwa toka sentimita 76 mpaka 86, kwa sababu majike wengi wa sentimita 76 walikuwa hawajapata kutaga mayai. Mtoto anasikitika, lakini anamwachilia. Kolekole anapiga mkia mara moja na kupotea chini.

Chewa naye ni mdogo kuliko kipimo chake. Mtoto anataka kumtupa majini vilevile.

“Ngoja,” asema baba. “Ukimtupa hivi ataelea juu kama chupa tupu. Papa au pomboo watamla. Tutakuwa tumetii kipimo, na samaki atakuwa amekufa bure.”

Anachukua kamba ndefu yenye uzito wa chuma na kibano. Anambana chewa mdomoni taratibu, anamshusha. Jinsi anavyoshuka, maji yanabana tena ile hewa, na mwili unarudi kuwa kama zamani. Karibu na mwamba kibano kinafunguka. Chewa anaogelea kwenda zake.

Wavuvi wengine hutumia sindano yenye tundu kutoa hewa. Sheria ya Marekani iliyotiwa sahihi Januari 2021, ikaanza kazi Januari 2022, iliwaagiza wavuvi wa samaki wa mwamba katika ghuba ile kuwa na kimoja cha vyombo hivyo tayari mashuani. Kamba ilipaswa kuwa na uzito usiopungua gramu 450, na urefu usiopungua meta 18.

Mtoto anatazama maji. Hakuna kinachoelea.

“Sasa amerudi kweli,” asema.

Maneno ya kujua

Panda: mahali mti au mkia unapogawanyika sehemu mbili.
Matamvua: viungo ambavyo samaki huvutia pumzi.
Kibano: chombo cha kushikia kitu pande mbili.

Maulizo

1. Kwa nini watu walizamisha manowari?
2. Kolekole huitwaje kwa mzaha, na kwa sababu gani?
3. Kifuko cha chewa na kifuko cha kolekole vina tofauti gani?
4. Chewa mdogo akitupwa tu majini, atapatwa na nini?
5. Katika ziwa au mto wa kwenu, wavuvi hufanya nini na samaki wadogo? Eleza kwa maneno yako mwenyewe.